Uthibitishaji wa Hati za Biashara Zitakazotumika Ng'ambo ya Ziwa

Mfanyabiashara wa Bangwe anaweza kuuza chumvi ya Uvinza huko Kalemie kwa miaka mingi bila kuulizwa karatasi nyingine zaidi ya zile za forodha na uhamiaji. Mambo hubadilika siku anapotaka kufungua tawi la kampuni yake, kupanga ghala kwa jina la kampuni, kufungua akaunti ya benki, kuomba zabuni au kumshtaki mdaiwa katika nchi hiyo. Hapo ataambiwa alete cheti cha usajili, katiba ya kampuni na hati ya uwakilishi, vyote vikiwa "vimethibitishwa". Asiyeelewa vema maana ya neno hilo hupoteza fedha na muda, na wakati mwingine hupoteza biashara yenyewe.

Katika makala haya tunaeleza maana ya uthibitishaji, hatua zake kwa mtu anayeanzia Kigoma, na namna ya kujihadhari na wanaouza mihuri isiyo na thamani.

Uthibitishaji ni nini?

Ofisa wa benki aliyeko Kalemie au Bujumbura hana namna ya kuijua saini ya ofisa wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), wala ya wakili wa Kigoma. Kwa sababu hiyo hati hupitishwa katika mnyororo wa ofisi. Kila ofisi huthibitisha saini na muhuri wa ofisi iliyotangulia, mpaka hati ifike kwa ofisi ambayo nchi ya pili inaitambua.

Kutokana na maelezo hayo, mwananchi azingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba mpangilio wa hatua haubadiliki: ofisi ya juu haiwezi kuthibitisha saini ambayo haina kumbukumbu yake. La pili ni kwamba muhuri wa uthibitishaji hauzungumzii ukweli wa yaliyoandikwa ndani. Wizara au ubalozi unapoweka muhuri, unasema tu kwamba saini iliyotangulia ni ya mtu mwenye mamlaka. Hausemi kwamba kampuni ina mtaji, hailipi madeni kwa kuchelewa au haina kesi. Nawe unapooneshwa hati ya mshirika wa ng'ambo iliyojaa mihuri, usiichukue kuwa dhamana ya uaminifu wake.

Apostille: muhuri ambao Tanzania haitoi

Wapo wanaosikia kwamba hati huhitaji "apostille". Hicho ni cheti kimoja kinachochukua nafasi ya mnyororo wote, na kilianzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Zaidi ya nchi 120 zimejiunga na mkataba huo. Kwa Burundi ulianza kutumika mwaka 2015, kwa China Novemba 2023, na kwa Rwanda Juni 2024. Tunapoandika makala haya, Tanzania haimo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pia haimo.

Mkataba huo hufanya kazi pale tu nchi zote mbili zinapokuwa wanachama. Kwa hiyo uanachama wa Burundi haumsaidii mfanyabiashara wa Bangwe anayepeleka hati Bujumbura, kwa kuwa hakuna ofisi ya Tanzania yenye mamlaka ya kutoa apostille. Vivyo hivyo, hati ya Burundi au China yenye apostille haitoshelezi kwa cheti hicho pekee inapoletwa kutumika Tanzania.

Tunasisitiza: mtu yeyote anayekuambia kwamba atakupatia apostille ya Tanzania anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Aidha, Burundi na Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu mwaka 2007 na Kongo tangu mwaka 2022. Uanachama huo umelegeza mambo mengi ya forodha, lakini haujafuta uthibitishaji wa hati.

Hatua kwa anayeanzia Kigoma

Hatua ya kwanza ni kuuliza upande wa pili. Ipate kwa maandishi orodha ya hati zinazotakiwa, lugha inayotakiwa na umri wa hati unaokubalika, kutoka kwa ofisi itakayozipokea. Ofisi nyingi hazipokei taarifa ya usajili iliyotolewa zamani. Ukianza na jambo hili utaepuka kulipia hati ambazo hukuombwa.

Hatua ya pili ni kupata hati kutoka kwa mamlaka iliyoitoa. Kwa kampuni, hati hizo hupatikana BRELA: cheti cha usajili, katiba ya kampuni, na taarifa ya sasa inayoonesha wakurugenzi na wanahisa. Vyeti vingi vya BRELA hutolewa sasa kwa njia ya mtandao. Karatasi uliyoichapa mwenyewe dukani inaweza kukataliwa ng'ambo, kwa hiyo omba nakala iliyothibitishwa na Msajili. Uthibitisho wa ulipaji kodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni zinazotolewa na serikali za mitaa hupatikana Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwenye jina la biashara lililosajiliwa akumbuke kwamba jina hilo si kampuni. Mbele ya sheria mfanyabiashara ni yeye mwenyewe, na hati zake binafsi zitaulizwa pia.

Hatua ya tatu ni wakili. Hati unazozitengeneza wewe, kama vile azimio la wakurugenzi au hati ya uwakilishi inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, zitiwe saini mbele ya wakili aliye mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo kwa mujibu wa Sheria ya Mathibitisho ya Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Usitie saini nyumbani ukampelekea karatasi iliyokwisha kusainiwa. Kazi yake ni kushuhudia.

Hatua ya nne ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, yenye makao makuu Dodoma. Wizara hulinganisha saini na muhuri wa ofisi iliyotangulia na kumbukumbu zake, kisha huweka muhuri wake. Kabla ya kusafiri, uliza iwapo saini iliyo kwenye hati yako inatambuliwa hapo moja kwa moja. Hati ya ofisi ya mtaa huenda ikahitaji kupita kwanza kwenye ofisi ya juu yake.

Hatua ya tano ni ubalozi wa nchi ambako hati itatumika. Kongo na Burundi zina balozi zao Dar es Salaam, na zina balozi ndogo mjini Kigoma. Anza kwa kuuliza ubalozi mdogo kama unathibitisha aina ya hati uliyonayo, au kama ni lazima uende Dar es Salaam. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Anayefika huko akakuta hati yake haina muhuri wa Wizara atalazimika kuutafuta kwanza, na gharama hiyo ni yake mwenyewe.

Lugha na majina

Nchini Kongo lugha rasmi ni Kifaransa. Nchi hiyo iko pia ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria za biashara zinazofanana, tangu mwaka 2012, na tawi la kampuni ya kigeni husajiliwa katika daftari la biashara la huko. Burundi nayo hutumia Kifaransa kwa wingi katika shughuli za ofisi. Hati zetu huwa za Kiswahili au Kiingereza, hivyo tafsiri ni sehemu ya safari yenyewe. Tafsiri ya rafiki anayejua lugha hiyo haitoshi. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hutoa huduma za tafsiri na uthibitishaji wa tafsiri. Uliza mapema kama tafsiri inatakiwa kuambatanishwa kabla ya muhuri wa Wizara au baada yake. Kwa Mpulungu, upande wa Zambia, hati ya Kiingereza haina haja ya kutafsiriwa.

Majina nayo yakaguliwe herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Mohamed katika pasipoti na Muhammed katika cheti cha BRELA ni watu wawili machoni pa ofisa wa kigeni. Tofauti hiyo irekebishwe, au iambatane na hati ya kiapo cha majina, kabla ya muhuri wa kwanza kuwekwa. Baada ya mihuri, kubadili herufi moja ni kuanza upya.

Karatasi zisizohitaji safari hii

Karatasi za forodha za mzigo wa kawaida zina utaratibu wake. Kwa biashara ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa na maofisa wa forodha. Mwenye magunia machache ya chumvi au dagaa asikubali kutozwa fedha za "kuthibitisha ubalozini" ili tu avushe mzigo wake.

Jihadhari na vishoka

Ugumu wa hatua hizi ndio mtaji wa vishoka. Hujitokeza karibu na ofisi, hudai wana mtu wizarani, na huahidi mihuri yote kwa siku moja. Madhara yake ni makubwa kuliko fedha utakazompa. Ofisi ya ng'ambo ikiuliza ubalozini na kujibiwa kwamba muhuri haujulikani, jina la kampuni yako ndilo litakaloharibika. Aidha, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi hati ni kosa la jinai, na kutumia hati ukijua kwamba imeghushiwa ni kosa pia.

Unaruhusiwa kumtumia wakala halali. Hata hivyo, mwombe mkataba wa maandishi unaotenganisha ujira wake na ada za ofisi. Malipo ya Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu, nawe upewe stakabadhi. Mtoa huduma anayekudanganya kuhusu huduma anayokuuzia anakiuka Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Pale penye muhuri wa bandia, toa taarifa polisi.

Kabla ya kuondoka Kigoma, hakikisha kwamba:

1. unayo orodha ya maandishi kutoka kwa ofisi itakayopokea hati;
2. hati ni nakala zilizothibitishwa na ofisi zilizozitoa, na muda wake haujapita;
3. majina yanalingana katika hati zote, pasipoti na kitambulisho cha taifa;
4. hati za saini yako zimesainiwa mbele ya wakili;
5. umeuliza kuhusu tafsiri, ada na siku za huduma katika Wizara na ubalozi;
6. umebaki na nakala ya kila ukurasa, pamoja na stakabadhi zote.

Usimkabidhi mtu hati halisi bila kumwandikisha na kutia saini kwamba amezipokea. Hati ikipotea njiani, mihuri yake yote hupotea pamoja nayo, na mnyororo huanza tena katika kiungo cha kwanza.