Kolwezi: Majirani wanaomtetea mtoto bila mshahara

Mtoto wa Kolwezi anapotajwa kimataifa, wengi wanamfikiria yule anayeosha mawe ya kobalti mtoni. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40.000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Katanga ya zamani. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye hapigwi picha. Anapigwa ndani ya nyumba, anakosa chakula wakati wazazi wamefuata madini, au anafukuzwa kwa sababu mtu fulani amemwita mchawi.

Mara nyingi wa kwanza kumfikia huyo ni jirani. Nchini Kongo majirani wa namna hii wanajipanga katika RECOPE, mitandao ya raia ya kulinda watoto. Utamkuta humo mwalimu, mama wa sokoni, mchungaji, kijana wa mtaa. Ni kazi ya kujitolea, na simu wanazopiga wanalipa wenyewe.

Mtoto anayeteswa haji kusema "ninateswa". Anaacha shule. Usiku analala kwa watu. Jirani anayeijua nyumba ile anaona, anamsikiliza mtoto, halafu anapeleka habari kwa huduma ya serikali ya mambo ya jamii, DIVAS, au kwa polisi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 iliunda mahakama za watoto, na jaji anaweza kumtoa mtoto mahali pa hatari. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Katiba nayo, kifungu cha 41, imekataza jambo hilo.

Kesi ngumu kuliko zote ni za ubakaji. Mtoto anapaswa kufika hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Lakini saa hizo hizo ndizo familia mbili zinakaa kupatana. Dola kidogo zinatolewa, pengine mbuzi, na watu wanasema neno limekwisha. Mbele ya sheria halijakwisha. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema malipo hayafuti kesi ya ubakaji, na ile ya 2009 imeweka kifungo cha miaka 7 hadi 20 kwa anayembaka mtoto.

Anayejitolea anaweza kuyaeleza yote hayo, na mama akabaki kimya. Mara nyingine mtuhumiwa ni shemeji, au mwenye nyumba, au mwanaume ambaye pesa yake ya machimbo ndiyo inanunua unga. Akifungwa, kesho watakula nini? Ni rahisi kuwalaumu wamama hao. Wanaowalaumu ni nadra kuwapelekea hata kilo moja ya unga.

Ndiyo maana utetezi wa mtoto hapa Lualaba haukai mbali na sufuria. Masista wa Bon Pasteur mjini Kolwezi wameweka pamoja masomo ya watoto, kilimo na mafunzo ya kazi kwa wanawake. Sista Catherine Mutindi, Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Opus mwaka 2019. Mama mwenye kipato chake anaweza kumtoa mtoto kwenye shimo, na anaweza pia kusimama mbele ya jaji bila kumwogopa anayemlisha.

Wengi wa majirani hawa hawana shirika kubwa nyuma yao. Kesi ikiahirishwa, mtu huyo huyo anatafuta tena pesa ya pikipiki ili mama na mtoto warudi mahakamani. Ikiahirishwa mara ya tatu, familia ya mtuhumiwa inakuja tena na bahasha, na usiku ule jirani ndiye anayebaki kuketi na mama mlangoni.