Mche wa bangi nyuma ya nyumba: lipi kweli, lipi uongo?

Jirani yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, ana mtoto wa miaka saba mwenye kifafa. Jioni moja alikuja kwangu, akaketi, akauliza kwa sauti ya chini: akiotesha miche miwili ya bangi kwenye ndoo nyuma ya nyumba, akawa anamchemshia mtoto majani, kuna ubaya gani? Aliyemshauri ni mtu anayemwamini, na nia yake ilikuwa njema.

Sikumcheka. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayeuguza mtoto usiku kucha hushika hata unyasi. Ila maneno aliyoambiwa nimeyasikia pia sokoni Majengo, kwenye daladala na hata misibani. Yanafaa kupimwa moja baada ya jingine.

"Miche miwili mitatu ya kujitibu si kosa."
UONGO. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, liwe shamba la ekari tano au ndoo moja uani. Hakuna idadi ya miche inayosamehewa. Wapo Watanzania waliohukumiwa miaka 30 jela kwa kosa la kulima. Mwenye nyumba anayejua na kuruhusu kwake kutumike kwa kazi hiyo naye hayuko salama. Fikiria basi: mama akifungwa, nani atabaki kumwangalia mtoto akianguka?

"Nikiwa na cheti cha daktari, au nikipewa na mganga aliyesajiliwa, siguswi."
UONGO. Hakuna cheti cha daktari kinachomruhusu mgonjwa wa Tanzania kuotesha bangi. Waganga wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Usajili huo unamruhusu mganga kutoa tiba asili, lakini haumfungulii mlango wa kugawa dawa za kulevya.

"Nchi nyingine za Afrika zimeruhusu."
KWELI, lakini sikiliza zimeruhusu nini. Lesotho ilitangulia mwaka 2017 kwa kutoa leseni kwa kampuni, na Zimbabwe ikafuata mwaka 2018. Rwanda iliamua mwaka 2020 kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, chini ya ulinzi mkali, na mwananchi akikutwa anavuta bado ana kesi ya kujibu. Ni Afrika Kusini ambako Mahakama ya Katiba, Septemba 2018, ilisema mtu mzima anaweza kupanda na kutumia bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Hukumu ya huko haimtetei mtu wa Kongwa au Bahi.

"Ndani ya bangi mna dawa."
KWELI, na anayelikana hili anawafanya watu wasimsikilize hata anaposema ukweli mwingine. Mmea huu una kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazojulikana zaidi: THC, ambayo ndiyo inayolewesha, na CBD, ambayo haileweshi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali, Dravet na Lennox-Gastaut. Dronabinol na nabilone, ambazo ni THC na kemikali inayofanana nayo zilizotengenezwa maabara, hutumika kutuliza kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani kwa dawa kali. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya hatari kupita zote, ingawa uliiacha chini ya udhibiti.

"Basi chai ya majani yake itamponya mtoto kifafa."
UONGO, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Tazama dawa yenyewe inavyotolewa. Mtoto wa kilo 20 huanza na nusu mililita ya Epidiolex asubuhi na nusu nyingine jioni, inayovutwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kila nusu ina miligramu 50 za CBD, si pungufu wala zaidi. Damu ya mtoto hupimwa ili kuangalia hali ya ini. Tena dawa hiyo ilifanyiwa majaribio kwa watoto waliokuwa wakiendelea na dawa zao za kawaida.

Sasa tazama sufuria. Nani anajua jani moja lina CBD kiasi gani? Bangi ya mitaani kwa kawaida imejaa THC, ile ya kulewesha, na mche mmoja haulingani na mwingine. Mtoto atapewa kilevi huku mama akidhani anampa dawa. Kibaya zaidi, wengi wakianza majani huacha vidonge vya hospitali, na kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta mshtuko usiokatika, ambao huua.

"Ni mmea wa asili, hauna madhara."
UONGO. Mwaka 2016, hapa hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yale yaliota shambani kama mengine, lakini ukungu uliyavamia. Bangi iliyoanikwa vibaya nayo huota ukungu, na mgonjwa mwenye kinga dhaifu akiuvuta huupeleka moja kwa moja mapafuni. Na kwa vijana, kutumia bangi yenye THC nyingi mara kwa mara kunaongeza hatari ya kuugua akili. Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili ya tangu mwaka 1927, iko humu humu mjini. Tusisubiri tufike pale ndipo tuamini.

"Bangi inaponya saratani."
UONGO. Kuua seli kwenye kichupa cha maabara ni jambo moja, kumponya mtu ni jingine. Lakini maumivu ya saratani yana dawa: mofini ya maji, ambayo Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikiitengeneza. Mofini asili yake ni mmea wa afyuni, na hakuna anayemwambia mgonjwa aoteshe afyuni uani. Anapewa chupa, anaambiwa mililita ngapi na kila baada ya saa ngapi. Mwenye mgonjwa anayelia kwa maumivu aulize hospitali ya rufaa kuhusu huduma ya tiba shufaa. Ni haki yake.

"Kuku wakila majani yake hawapati kideri."
UONGO. Kideri ni ugonjwa wa virusi, na kinga yake ni chanjo: tone moja jichoni, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu hivi.

Yote haya nilimweleza jirani. Kisha nikamwomba alete vidonge vya mtoto. Aliporudi tulivimwaga mezani, tukavihesabu: vilibaki vinne, na tarehe ya kliniki ilikuwa siku kumi na mbili mbele. Akaniambia mwezi uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Vidonge vikiisha hungoja tarehe, na mtoto huanguka katikati ya kungoja.

Kesho yake alikwenda zahanati bila kusubiri tarehe. Sasa ana kalenda ukutani, na siku ya kufuata dawa ameizungushia kalamu nyekundu, wiki moja kabla hazijaisha.