Mtoto akienda makumbusho, arudi na swali

Shule zinapokaribia kufunga muhula, Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam hujaa mabasi ya wanafunzi. Yanatoka Mbagala, Kibaha, Chalinze, Morogoro na hata mbali zaidi, na mengine huwa yameanza safari kabla ya adhana ya alfajiri. Watoto hushuka na sare zao, chupa za maji mkononi, wakapangwa mistari miwili mbele ya Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Mwalimu wa zamu anahesabu vichwa. Mwongozaji anatoka kuwapokea na kuwatajia kanuni za mle ndani: msiguse, msikimbie, msipige kelele.

Kinachofuata ndicho kinachoamua kama siku hiyo ni ya masomo au la. Katika ziara nyingi msafara huingia ukumbi wa kwanza, ukapita wa pili, ukatokea wa tatu, walimu wakiwahimiza watoto wa nyuma waharakishe, maana ratiba bado ina uwanja wa ndege, feri na ufukwe wa Coco. Mtoto ananakili maandishi ya kwenye vibao bila kuinua macho akitazame kitu chenyewe. Jioni anafika nyumbani amechoka na amefurahi, lakini ukimuuliza ameona nini, anakujibu: mifupa.

Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu vitu vilivyomo mle vinafundisha mambo ambayo ubao na chaki haviyafikii. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, enzi za Waingereza, kwa jina la Mfalme George wa Tano. Leo ndiyo nyumba kuu ya urithi wetu. Yamo mabaki ya mji wa Kilwa, yapo magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, na nje ipo kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Hakuna shule inayoweza kufundisha yote hayo kwa asubuhi moja, wala haina haja ya kujaribu. Vitu viwili au vitatu vikitazamwa kwa utulivu vinatosha.

Fuvu linalosomeka

Chukua mfano wa Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania amemsoma kitabuni. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alikuwa amelala kambini katika bonde la Olduvai, anaumwa. Mkewe, Mary, akatoka na mbwa wake kuchunguza mteremko ambao udongo wake ulikuwa umemomonyoka. Akaona kipande cha mfupa kimejitokeza ardhini, kisha meno makubwa ya taya la juu. Vipande vilikusanywa kwa kuchekecha udongo, vikaunganishwa kimoja kimoja hadi likapatikana fuvu. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo vilionyesha kwamba lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mwaka 1965 lilirudishwa Tanzania kutoka Kenya, likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Hadithi hiyo tamu inasomeka hata darasani. Kinachohitaji makumbusho ni hatua inayofuata, pale mtoto wa darasa la tano anapowekwa mbele ya fuvu hilo au nakala yake, akaambiwa atazame dakika kumi kabla ya mtu yeyote kumweleza lolote. Ataona kwamba juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa uliosimama. Mwalimu amwambie aweke vidole pembeni mwa paji lake mwenyewe, kisha atafune kama anayekula muwa. Atasikia msuli unacheza chini ya vidole. Kwa kiumbe yule msuli huo ulikuwa mkubwa kiasi cha kupanda mpaka utosini na kujishikiza kwenye ule ukingo. Mtoto ameigundua anatomia kwa mkono wake.

Halafu atazame meno. Magego ni mapana mno, ya mbele ni madogo. Atazame na chumba cha ubongo, ambacho ukubwa wake ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya chetu. Sasa aulizwe: kiumbe huyu alikuwa anakula nini? Kwa miaka mingi wataalamu walijibu kwamba alivunja kokwa na njugu ngumu. Baadaye uchunguzi wa mikwaruzo na kemikali za meno ya jamii yake ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa nyasi na mimea ya jamii hiyo. Mtoto akilijua hili amejifunza jambo kubwa kuliko tarehe ya ugunduzi: kwamba hata wasomi hubadili jibu ushahidi ukibadilika, na kwamba yeye naye anaruhusiwa kuuliza.

Ukumbi wa historia nao una vitu vya namna hiyo. Vimo vyombo vya kauri ya Uchina vilivyopatikana Kilwa, vimo na vishaba, yaani sarafu za shaba, za masultani wake. Swali moja tu linatosha kuamsha darasa zima: sahani ya Uchina ilifikaje Kilwa, karne nyingi kabla ya meli za injini? Hapo mtoto wa pwani atawakumbuka wazee wake wanaozitaja pepo za kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na bidhaa za Uchina zilipita mikono mingi hadi kufika huku. Dhahabu na pembe za ndovu zilitoka, vitambaa na kauri vikaingia. Jiografia, historia na biashara vimekutana kwenye kipande kimoja cha sahani, na mtoto amevikutanisha kwa akili yake.

Kazi huanza darasani

Walimu waliozoea ziara hizi wanajua kwamba ziara nzuri ina sehemu tatu, na mbili kati ya hizo hazimo makumbusho. Ya kwanza hufanyika wiki moja kabla. Mwalimu huwasiliana na ofisi ya elimu ya makumbusho, akaeleza idadi ya wanafunzi, darasa lao na mada wanayosoma. Akiweza, hutangulia yeye mwenyewe kwenda kuchagua vitu vitakavyotazamwa. Darasani, wanafunzi huandika maswali yao wenyewe. Mtoto aliyeandika swali anaingia ukumbini akiwa na kitu anachokitafuta.

Ya pili ni siku yenyewe. Wanafunzi 90 hawawezi kumsikia mwongozaji mmoja wala kuliona fuvu moja. Wagawanywe vikundi vidogo, kila kikundi na mwalimu wake, na kila kikundi kianzie ukumbi tofauti. Daftari litumike kuchora kuliko kunakili, kwa sababu mkono unapochora, jicho hulazimika kutazama: pembe hii inaishia wapi, ufa huu umepita wapi, mpini umefungwa kwa nini. Mwongozaji naye apewe nafasi ya kuuliza, asigeuzwe redio ya kusomea watu vibao.

Ya tatu hufanyika wiki inayofuata, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Michoro ibandikwe ukutani. Maswali yaliyobaki bila majibu yapelekwe maktaba, au aandikiwe barua mhifadhi. Watoto waombwe waje na kifaa kimoja cha zamani kutoka nyumbani, kibao cha mbuzi, kinu, pambo la bibi au redio ya babu, na kila mmoja aeleze nani alikitumia na kwa kazi gani. Darasa litakuwa limeanzisha makumbusho yake, na watoto wataelewa kwamba historia imo pia majumbani mwao.

Nyumba zinazofundisha hesabu

Wanaopanda daladala Dar es Salaam wanakijua kituo cha Makumbusho. Wengi hushuka pale kila siku kubadili gari, lakini kijiji kilichokipa kituo hicho jina hawajakiingia. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960 pale Kijitonyama, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, pamoja na ngoma na kazi za mikono.

Mwalimu wa hesabu ana kazi pale sawasawa na mwalimu wa historia. Msonge wa Wahaya una kitako cha duara: wanafunzi wakipima kipenyo kwa kamba, watatafuta mzingo na eneo la sakafu, kisha walinganishe na nyumba ya pembe nne. Mwalimu wa sayansi awaulize kwa nini tembe la Wagogo lina paa bapa la udongo ilhali nyasi za msonge zinateremka mpaka karibu na ardhi. Jibu liko mawinguni. Dodoma kwa Wagogo ni nchi kavu, Bukoba kwa Wahaya inanyeshewa karibu mwaka mzima, na paa bapa la udongo lisingedumu kule. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ya tofali na bati ataondoka akijua kwamba mababu zake walikuwa wahandisi waliozielewa mvua na udongo wa kwao.

Si lazima Dar es Salaam

Shule za mikoani zisidhani kwamba mambo haya ni ya watoto wa jijini tu. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo mashujaa wa Kingoni wa vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, na pia Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani. Kalenga, karibu na Iringa, linahifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Bagamoyo kuna magofu ya Kaole. Wa Karatu na Ngorongoro wanaifikia Olduvai yenyewe, yenye makumbusho mapya tangu 2017. Kwa majirani zetu, mtoto wa Mombasa ana Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593.

Kuna jambo jingine linalonisukuma kusisitiza ziara hizi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Kazi ile ilifanywa na mamia ya vibarua wa Kiafrika chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mifupa hiyo imesimamishwa Berlin, kiunzi cha zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wanafunzi wa Ujerumani hupelekwa kukitazama kama sehemu ya masomo yao. Mtoto wa Lindi anakiona kwenye picha, akibahatika. Mjadala wa kuirudisha mifupa ile unaendelea, nami naunga mkono wanaodai sauti yetu isikike. Lakini dai hilo litakuwa na nguvu zaidi tukiwa na kizazi kilichozoea kuingia makumbusho, kinachojua thamani ya kilichopo na uzito wa kilichoondoka.

Nani hupanda basi?

Kikwazo kikubwa si kiingilio. Ni usafiri na chakula cha njiani. Mchango ukipigiwa hesabu, mzazi mwenye watoto watatu shule ya serikali anarudisha barua ya ruhusa bila sahihi, na mtoto wake anabaki shuleni siku hiyo akifagia uwanja. Hivyo ziara zinakuwa za wenye uwezo, na urithi wa taifa unageuka kuwa somo la kulipia. Hili halikubaliki. Halmashauri zina magari, zina mapato ya ndani, na kampuni nyingi hutafuta namna ya kusaidia jamii. Basi moja la zamu kwa kila kata, kila muhula, lingepeleka watoto wengi ambao wazazi wao hawawezi kuchangia.

Makumbusho nayo yana wajibu. Mtoto asiyeona hapati chochote katika ukumbi ambao kanuni yake ya kwanza ni msiguse. Nakala za kushikwa, za fuvu, za sarafu, za nakshi za mlango, zingemfungulia mlango yeye na kuwanufaisha wenzake wote. Kwa shule ambazo hazifikiki, sanduku la nakala hizo pamoja na mwongozaji mmoja vinaweza kuzifuata shule huko huko ziliko.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umelipa somo la Historia ya Tanzania na Maadili nafasi yake. Somo hilo halitaiva kwa vitabu peke yake. Wakuu wa shule, Mei 18 ni Siku ya Makumbusho Duniani: wekeni ziara moja kwenye kalenda kabla muhula haujaanza, mkachague vitu vitatu tu, na rudini darasani kuvijadili. Waheshimiwa madiwani, tengeni fedha za basi. Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni msimuulize ameona nini. Muulizeni amekuja na swali gani, kisha kaeni naye mlitafutie jibu.