Nyuki Wanaleta Habari Miguuni

Mwezi huu tumetembelea kikundi cha wafuga nyuki hapa kambini kwetu, mkoani Kigoma. Kikundi kina mizinga 8, lakini 2 imebaki mitupu. Tulitaka kujua nyuki wamekwenda wapi.

Mzee wa kikundi alitujibu kwa mkato: "Wamehama. Njaa."

Kumbe nyuki anahitaji vyakula viwili. Maji matamu ya maua anayageuza kuwa asali, na hiyo ndiyo nguvu yake. Ule unga wa maua, yaani chavua, ni kama maharage kwetu sisi. Nyuki walezi huula, kisha hutoa maziwa ya kulishia majana. Chavua ikikosekana, malkia hupunguza kutaga na kundi linadhoofika. Nyuki wetu wa Afrika akiona chakula kimekwisha hasubiri, anahama. Maana ya neno hilo sisi tunaijua.

Sasa, utajuaje nyuki wako wanakula wapi? Kikundi kilituonyesha. Asubuhi unakaa kando ya mzinga, mbali kidogo, usizibe njia yao. (Wazazi, watoto wadogo wasisogee.) Utaona wengine wanarudi na vidonge viwili vya rangi kwenye miguu ya nyuma. Hiyo ndiyo chavua. Safari moja nyuki hupenda kutembelea ua la aina moja tu, kwa hiyo kidonge huwa na rangi moja. Alizeti hutoa rangi ya machungwa, mahindi njano iliyopauka.

Vijana wa kikundi waliandika rangi hizo kwenye daftari kila juma. Halafu walichuma maua yaliyochanua na kuyapangusa kwenye karatasi nyeupe, walinganishe. Wote walidhani nyuki wanaishi kwa alizeti zetu. Lakini mwishoni mwa kiangazi, shamba likiwa kavu, vidonge bado vilikuja. Rangi ililingana na maua ya mitundu, ile miti ya miyombo iliyo nyuma ya nyumba za mwisho. Nusu ya miti hiyo ilishakatwa kuni.

Rangi peke yake inaweza kudanganya, maana mimea mingi inafanana. Wataalamu hutumia hadubini. Chavua ya alizeti ina miiba, ya mkaratusi ina pembe tatu, ya mahindi ni duara laini. Hata ndani ya asali chembe hizo zinabaki. Wao huichanganya asali na maji, wakaizungusha kwa mashine, kisha wakahesabu chembe zilizotuama chini. Kwa kawaida aina moja ikizidi asilimia 45, wanasema ndiyo iliyotawala asali hiyo.

Daftari lilipoletwa kwenye kikao, maneno yalikuwa makali. Mama mmoja alisimama akasema, "Baba zangu, asali ni nzuri, lakini watoto watakula maharage mabichi? Kuni nazitoa wapi?" Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja anajua mwanamke anavyohangaika akienda kutafuta kuni mbali.

Walikubaliana hivi: mitundu iliyobaki isiguswe, kikundi kiwajengee majirani majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, na fedha za asali ya kwanza zinunue miche. Yule mama alisema atangoja aone jiko kwanza. Hadi tunaandika, majiko 3 yamekwisha. La kwake ni la 4.

Ile mizinga 2 bado ni mitupu. Imepakwa nta ndani, inangoja.

Nanyi wapendwa, kabla ya kuinua panga juu ya mti wenye maua, simameni kidogo chini yake msikilize. Ukivuma, kuna anayekula pale. Tuandikieni mlichoona. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.