Mshubiri Hufungua Milango Usiku

Wasikilizaji wetu, na hasa wanafunzi wa darasa la watu wazima la Mpendae, shikeni karatasi zenu, mfuatane nami polepole.

Leo tunazungumza juu ya mshubiri. Mmea huu mnaujua. Wengi wenu mnao uani, umepandwa katika kopo. Asili yake ni Bara Arabu, penye majabali na jua kali, na mvua ni chache. Huko waishije bila ya kufa kwa kiu? Zipo njia nne.

Kwanza, ghala. Jani lake ni nene. Likate, utaona ndani ute unaoteleza. Ute huo karibu wote ni maji. Hiyo ndiyo akiba yake.

Pili, kifuniko. Ngozi ya jani ni ngumu, tena ina nta juu yake, hata maji hayatoki ovyo.

Tatu, milango. Jani lina vitundu vidogo sana vya kuingizia hewa. Mimea mingi, kama mchicha, hufungua vitundu hivyo mchana, na maji mengi hupotea kwa jua. Mshubiri huvifunga mchana, ukavifungua usiku kwenye baridi. Hewa iliyoingia usiku huiweka. Jua likitoka, huitumia kutengenezea chakula, na milango imefungwa.

Nne, ulinzi. Chini ya ngozi mna utomvu wa manjano, mchungu mno. Mnyama akiuonja huuacha. Utomvu huo huharisha sana. Mama mjamzito asiunywe, wala mtoto asinyweshwe.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kaskazi moja niliuonea huruma mshubiri wangu, nikautilia maji asubuhi na jioni. Majani yakalegea. Nikadhani ni kiu, nikazidisha. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imeoza. Mizizi nayo yataka hewa, na maji yakituama hewa haipiti. Basi toboeni kopo chini, changanyeni udongo na mchanga, na msitilie maji mpaka udongo ukauke. Masika yakija, usogezeni barazani.

Maswali ya kuandika:
1. Mshubiri huweka wapi maji yake?
2. Kwa nini hufungua vitundu usiku?
3. Tazama mshubiri wa kwenu. Je, kopo lake lina tundu?

Someni tena somo hili nyumbani, mkamsomee na jirani. Kwa herini.