Je, Wajua? Pesa Nayo Ina Bei

Je, wajua kwamba jina la Munisagara linatukumbusha mojawapo ya mikataba mibaya kuliko yote iliyowahi kutiwa alama katika nchi hii? Desemba 1884, Carl Peters na wenzake walipanda milima ya Usagara wakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Mmoja wa waliotia alama alikuwa mtawala ambaye Peters alimwandika kwa jina la Muinin Sagara. Jina hilo bado linasikika katika stesheni ya Munisagara, kwenye reli ya kati, ukitoka Kilosa kuelekea magharibi kando ya mto Mkondoa. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi, na kwa karatasi zile Usagara ikahesabiwa kuwa imeshakabidhiwa. Aliyetia alama hakujua Kijerumani. Naanza na kisa hiki kwa sababu mkopo unaofika kijijini leo nao huja na karatasi, na mkopaji huulizwa swali moja tu: utatia saini au dole gumba?

Je, wajua kwamba wazee wa Kimamba na Kilosa waliwahi kutembea na kadi ya malipo miaka mingi kabla ya kadi ya benki? Iliitwa kipande. Mkata mkonge alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila alipomaliza kazi ya siku, kipande kilitiwa alama, na mshahara ulitoka pale tu siku zote 30 zilipokamilika. Siku aliyougua au kushindwa kumaliza haikuhesabiwa. Maana yake ni kwamba kwa mwezi mzima au zaidi mfanyakazi alikuwa anamkopesha mwenye shamba jasho lake bila riba. Ukisikia mtu akisema watu wetu hawana historia ya mikopo, mkumbushe kipande.

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe? Kwa sheria ya mwaka 1931, mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa ofisa wa serikali awe ameliidhinisha kwa maandishi. Ilielezwa kuwa ni kinga kwa mwananchi. Lakini nani angemkopesha mtu ambaye hawezi kumdai? Mlango rasmi ukafungwa, likabaki daftari la dukani.

Je, wajua kwamba kadi iliyoko mfukoni mwako huenda si kadi ya mkopo hata kidogo? Kadi nyingi tulizonazo Tanzania hutoa pesa yako mwenyewe, ile iliyomo kwenye akaunti. Ikiisha, imeisha. Kadi ya mkopo hutoa pesa ya benki, kisha mwisho wa mwezi benki inakuletea hesabu. Zote mbili zinaweza kuwa na nembo ya Visa au Mastercard, kwa hiyo nembo haikwambii kitu. Muulize mhudumu wa benki: nikitumia kadi hii, inayopungua ni pesa ya nani?

Kadi za aina hii zilitoka Marekani. Ile ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Miaka minane baadaye Bank of America ilisambaza kadi kama 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi hizo ndizo zilizokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Hadi Marekani ilipopitisha sheria mwaka 1974, mwanamke huko aliweza kunyimwa kadi mpaka mumewe atie saini.

Je, wajua kwamba tarakimu ya kwanza ya kadi ina maana? Ikianza na 4 ni Visa, na ikianza na 5 mara nyingi ni Mastercard. Tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili ukikosea kuandika namba moja mashine igundue papo hapo. Hesabu hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ni siri. Anayekupigia simu kuziomba ni mwizi, hata kama amekutaja kwa majina yako matatu.

Je, wajua kadi ya mkopo inavyoweza kuwa nafuu kuliko fedha taslimu, na pia ghali kuliko mkopeshaji wa mtaani? Mgeni anayelala hotelini Mikumi, mji wa njia kuu ya kwenda Iringa, akalipa kwa kadi yake ya mkopo na kumaliza deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida halipi riba hata senti. Amekopeshwa wiki kadhaa bure. Lakini akitoa fedha taslimu kwa kadi hiyohiyo kwenye mashine, riba kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ileile, pamoja na ada ya kutoa.

Mtego mkubwa ni malipo ya chini kabisa, ile namba ndogo iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Hebu tupige hesabu. Tuseme unadaiwa shilingi 1,000,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na benki inakuruhusu kulipa asilimia 5 tu ya deni. Ukilipa kiasi hicho kila mwezi kwa mwaka mzima, bila kununua kitu kingine chochote, utakuwa umetoa kama shilingi 550,000. Deni litakuwa limebaki kama 770,000. Umetoa zaidi ya nusu ya deni, nalo limepungua kwa chini ya robo. Hakuna aliyekudanganya, kila kitu kiliandikwa. Ila hakuna aliyekuambia uzidishe na kutoa kabla hujaanza.

Je, wajua kwamba kadi inayoumiza watu wengi zaidi katika miji yetu midogo ni ile ya kawaida ya kutolea mshahara? Mwalimu, muuguzi au mstaafu anahitaji laki tatu za haraka. Mkopeshaji anamwambia aache kadi yake ya benki na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anakwenda mwenyewe kwenye mashine au kwa wakala, anachukua chake, na mwenye mshahara anasubiri kupewa kilichobaki. Limekuwa jambo la kawaida mpaka watu wanalisema bila kushtuka: kadi yangu iko rehani. Mimi linanishtua kila ninapolisikia. Kadi ni mali ya benki, na mkataba wa akaunti unakukataza kumpa mtu namba ya siri. Mkopeshaji akizidisha anachotoa, benki itakwambia namba iliyotumika ni yako. Na mtu asiyeuona mshahara wake hawezi kujua deni limefika wapi. Kama kadi yako iko huko sasa hivi, unaweza kwenda tawini na kitambulisho chako, ukaomba ifungwe na upewe mpya. Deni utabaki nalo, na ulilipe, lakini ulilipe kwa mkono wako na udai risiti.

Je, wajua kwamba riba ya wakopeshaji wadogo ina kikomo? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo si ndogo, kwa mwaka ni asilimia 42. Lakini ilinganishe na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, ya asilimia 20 kwa mwezi au zaidi. Asilimia 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka. Aliyekopa laki moja atalipa riba ya 240,000, na laki yenyewe bado inadaiwa. Kabla ya kuchukua, omba kuona leseni. Mwenye nayo hana sababu ya kuificha.

Je, wajua kwamba maneno "riba ni asilimia 2 tu kwa mwezi" yanaweza kuwa na bei mbili tofauti? Chukua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, unaorejesha 100,000 ya mkopo wenyewe kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwa kiasi ulichokopa mwanzo, utalipa 24,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 288,000. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, inashuka kila mwezi, na jumla yake ni 156,000. Tofauti ni 132,000, kwa asilimia ileile. Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Uliza: nikichukua leo, mpaka namaliza nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ada ya fomu, bima na faini?

Riba huweza pia kujificha ndani ya gunia. Kagera wanaita butura: kahawa inauzwa ikiwa bado maua. Mkulima wa mahindi mwenye njaa ya Februari anaweza kuingia humohumo. Tuseme anapewa 40,000 leo, kwa ahadi ya gunia moja wakati wa mavuno. Julai gunia hilo linauzwa 70,000. Amelipa 30,000 juu ya 40,000 kwa miezi mitano, yaani asilimia 75. Hakuna aliyetamka neno riba, na kwa sababu hiyo mkulima anasema hajawahi kukopa. Gunia likishindiliwa kupita kiasi, yaani lumbesa, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100.

Je, wajua kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni? Nyingi ya programu za namna hii huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, mama mkwe, mchungaji na bosi wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hata ule mkopo halali wa simu upigie hesabu. Ukichukua 20,000 kwa wiki mbili na ada ikawa 2,000, inaonekana ni nauli ya bodaboda tu. Ni asilimia 10 kwa wiki mbili, sawa na 260 kwa mwaka kwa anayekopa na kurudia. Kwa dharura ya usiku mmoja inafaa. Kwa kuendeshea genge haifai.

Je, wajua kwamba kuna mkopo usio na riba kabisa, na uko halmashauri? Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi Julai 2024. Wa kuanzia ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kikoba chenu nacho kiko kwenye sheria ileile ya 2018, daraja la nne, na kinatakiwa kusajiliwa. Usajili ndio unaokipa kikundi pa kushika siku mweka hazina anapohama na sanduku. Pesa iliyomo sandukuni haina bima. Iliyomo benki inayo: Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000.

Wanaokumbuka mwaka 2009 wanaukumbuka mchezo wa upatu wa DECI. Watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa kuvuna maradufu, na waliovuna walilipwa kwa mbegu za waliokuja nyuma yao. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Kila msimu mchezo uleule unarudi kwa jina jipya, siku hizi ndani ya simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaweza kuripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Na ukipiga *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Je, wajua kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani na mume peke yake, wala na mke peke yake? Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka ridhaa ya mwenza. Anayekuletea fomu usiku na kusema "weka tu sahihi hapa, ni kawaida" anakuomba uikabidhi nyumba.

Je, wajua kwamba ukimdhamini shemeji yako, deni ni lako pia? Mdhamini si shahidi. Shemeji akihama mji, mkopeshaji ana haki ya kukudai wewe kiasi chote, pamoja na riba na faini. Deni bovu linaweza kuingia kwenye kumbukumbu za mikopo ambazo benki huzisoma, na miaka mitatu baadaye, unapoomba mkopo wa pampu ya kumwagilia shamba lako, ofisa anageuza kioo cha kompyuta na kukuonyesha. Kwa hiyo fomu ya udhamini ikija, ichukue, nenda nayo nyumbani, mwite anayesoma vizuri kuliko wewe, msome wote hadi mstari wa mwisho. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, omba ya Kiswahili. Wakikuambia gari linaondoka sasa hivi, liache liondoke.