Yakuti na Kito Kinachofanana Nayo

Msikizaji, jina la yakuti tumelipata kwa Waarabu, nalo ni la kito chekundu chenye thamani kubwa. Madini yake ni yale yale ya yakuti samawi. Kromiamu kidogo iliyochanganyika nayo ndiyo iitiayo wekundu. Kwa ugumu, miongoni mwa vito vya tangu kale hushindwa na almasi peke yake.

Wafanyi biashara husifu kupita zote yakuti za Mogok, katika nchi ya Burma iitwayo sasa Myanmar, zenye rangi ya damu ya njiwa. Askari wa huko zamani walisadiki ya kuwa mtu akipasua nyama ya mwili wake na kuitia yakuti ndani, hapati kudhuriwa na mkuki wala upanga. Jeraha lenyewe, nadhani, liliwadhuru wengi wao!

Lakini si kila kito chekundu ni yakuti. Kuna spineli, iliyoletwa zamani kutoka milima ya Badakhshan, nayo iliwadanganya hata wafalme. Kito kikubwa chekundu kilicho mbele ya taji la Uingereza, ambacho husimuliwa kuwa Edward, mwana wa mfalme, alikipata kwa mfalme wa Castile mwaka 1367, kiliitwa yakuti kwa mamia ya miaka. Kumbe ni spineli.

Jambo hili latuhusu na sisi. Yakuti huchimbwa Longido nchini Tanzania, na tangu mwaka 2009 zimegunduliwa nyingi sana Montepuez nchini Msumbiji. Mchimbaji asiyeijua mali yake hupunjwa, na mnunuzi vilevile.

Mwanachuoni al-Biruni, yapata miaka 1,000 iliyopita, alitia vito katika chombo kilichojaa maji, akapima maji yaliyomwagika. Njia nyingine ni hii: pima kito hewani, kisha kipime kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Yakuti ya gramu 4 itaonyesha karibu 3. Spineli ya gramu 4 itaonyesha pungufu kidogo, kwani ni nyepesi kuliko yakuti ya ukubwa ule ule. Mizani ya kupimia sukari haifai kwa kazi hii.

Walakini mwaka 1902 Mfaransa Verneuil alitangaza njia ya kufanya yakuti kwa moto wa gesi, nayo ina uzito na ugumu wa yakuti ya ardhini. Hapo maji hayasaidii. Hutakiwa kioo cha kukuzia. Ndani ya yakuti ya Verneuil mara nyingi huonekana mistari iliyopinda, kama ile ya sahani ya santuri, pamoja na mapovu madogo. Katika yakuti ya ardhini mistari ya rangi hunyooka.